Je, Wajua? Chumvi, Mchanga na Kisu Ndani ya Stika ya Kioo

Je, wajua kuwa weupe wa stika unayoiona kwenye kioo cha nyuma cha tuktuk pale Kona ya Musa unatokana na madini ya aina iliyochimbwa hapa hapa Kwale? Plastiki nyeupe, rangi nyeupe ya ukuta na hata dawa ya meno hupata weupe wake kwa titani dioksaidi, unga unaotengenezwa kutokana na madini mawili, ilmenaiti na rutaili. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Maumba na Nguluku, bara kidogo kutoka Msambweni, ikatenga ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na kuyasafirisha kwa meli kutoka Likoni. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014. Ng'ambo, viwanda hugeuza mchanga ule mweusi kuwa unga mweupe pe, nao huingia katika rangi na plastiki zinazouzwa dunia nzima, Ukunda ikiwemo. Hakuna awezaye kuapa kwamba stika fulani ina punje ya Nguluku ndani yake. Lakini mimi kila nikiona maandishi meupe kwenye kioo cheusi nakumbuka malori ya mchanga, na nasikitika kwamba kwa miaka 11 tuliuza mchanga na kununua rangi.

Na chumvi je? Stika nzuri ya gari hukatwa kwenye vainili, plastiki ambayo jina lake kamili ni polivinili kloraidi. Asilimia 57 ya uzito wa plastiki hiyo, kabla haijachanganywa na viungo vingine, ni klorini, na klorini hupatikana kwa kupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi. Sehemu iliyobaki hutoka kwenye mafuta au gesi ya ardhini. Ukipita Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ukaona mabwawa ambamo maji ya bahari huanikwa juani mpaka chumvi ikaganda, basi umeiona malighafi ya zaidi ya nusu ya plastiki hii, ingawa ile ya Gongoni huishia zaidi jikoni.

Jua pia lina mkono wake katika habari hii. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani Eugen Baumann aliacha gesi ya vinili kloraidi ndani ya chupa kwenye mwanga wa jua, akakuta imeganda kuwa kitu kigumu cheupe. Kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyekipatia kazi ya maana, kwa kuwa kilikuwa kikavu na chepesi kuvunjika. Mwaka 1926 Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Ohio, Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Gundi hakuipata, lakini alipoichemsha plastiki ile pamoja na viyeyusho fulani ikatoka laini, inayokunjika. Jua lililoizalisha vainili ndilo hilo hilo linaloiua, na hapo tutarudi, maana kwa mwenye gari Pwani hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Je, wajua kuwa kibandiko cha kwanza cha kubandua na kubandika, kisichohitaji kulowanishwa, kilitoka kwenye mashine iliyoungwa kwa vipande vya cherehani? Mwaka 1935 huko Los Angeles, R. Stanton Avery alikopa dola 100 kwa mchumba wake, akaunganisha mota ya mashine ya kufulia, sehemu za cherehani na msumeno, akaanza kutoa lebo zenye gundi tayari. Mashine ya kukata herufi nayo ina asili kama hiyo. H. Joseph Gerber, kijana Myahudi aliyezaliwa Vienna 1924 akawakimbia Wanazi hadi Marekani, alipokuwa mwanafunzi alichomoa lastiki ya pajama yake, akaitia alama na kuigeuza rula inayovutika ili kurahisisha hesabu za michoro. Kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyotoa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashine za kompyuta za kukata herufi za vainili. Kabla ya hapo herufi nyingi za magari na maduka ziliandikwa kwa brashi ya fundi. Leo mashine ya kazi hiyo inakaa juu ya meza ya chakula, na kijana mwenye laptopu na chumba kimoja anaweza kufungua kazi.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Wengi hudhani inachapa. Haichapi chochote, inafuata mstari. Ndiyo maana picha ya simu haikatiki mpaka igeuzwe kuwa mistari, na programu ya bure ya Inkscape, iliyoanza 2003, inafanya kazi hiyo vizuri bila kulipa senti. Mistari ikiwa tayari, kisu kidogo cha kabaidi ya tungsteni hushuka juu ya vainili. Hakina mota ya kukigeuza. Ncha yake imewekwa kando ya kitovu kwa takriban milimita 0.25, hivyo inaburutwa nyuma na kugeuka yenyewe kila mstari unapopinda, kama gurudumu la kiti cha ofisi.

Ustadi wote umo katika kina. Vainili ya Oracal 651, inayotengenezwa na kampuni ya ORAFOL ya Oranienburg, Ujerumani, ina unene wa maikroni 63, karibu sawa na unywele mmoja. Kisu kinatakiwa kikate unywele huo kisitoboe karatasi ya chini. Fundi makini hukata kwanza kimraba kidogo pembeni, anakibandua kwa ukucha, kisha anaigeuza karatasi kwenye mwanga: akiona alama nyembamba iliyokwaruza tu, kina kimefika, akiona tundu, anapunguza, vainili ikigoma kung'oka pembeni, anaongeza. Hatua hii ni ya dakika moja, na anayeiruka hupoteza mita nzima.

Baada ya kukata huja kuchambua, yaani kung'oa vainili isiyotakiwa na kuacha maandishi peke yake. Hapa Kiswahili kina mzigo wake. Maneno yetu yamejaa irabu, na a, o na e zina matundu. Andika KONA YA MUSA kwa herufi kubwa, utang'oa vipande vinne vya ndani kwa ncha ya sindano. Andika "Hakuna Matata", vitakuwa vitano na ushei kulingana na mwandiko uliochagua. Herufi zikishuka chini ya milimita sita hivi, matundu hayo huwa madogo kiasi cha kuondoka na herufi yenyewe. Kwa hiyo mteja akitaka methali nzima kwenye kioo kidogo cha tuktuk, mshauri achague fupi. "Subira huvuta heri" inatosha na inasomeka.

Maandishi ya Kiarabu yana tabia tofauti. Herufi zake hushikana, kwa hiyo neno hutoka vipande vichache vikubwa, mradi tu kwenye programu umeziunganisha kuwa umbo moja. Usipofanya hivyo kisu hukata kila mahali herufi mbili zinapopandana na neno linachanika vipande vipande. Shida iko kwenye nukta. Tazama magari yenye "Mashallah" iliyozeeka, utaona mengi yamepoteza nukta moja au zote tatu za shini, kwa sababu kipande kidogo kina gundi kidogo na kila kitambaa cha kufutia hukipiga ukingoni. Dawa yake ni kuchagua mwandiko wenye nukta kubwa, au zilizoungana kuwa alama moja.

Je, wajua kuwa mbega ndiye mnyama aliyeumbwa kwa ajili ya kioo cha gari? Mbega wa misitu ya Diani ni mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani na mashavuni, na tangu 1997 shirika la Colobus Conservation limekuwa likiwalinda, pamoja na kuwatundikia ngazi za kamba juu ya barabara ya ufukweni wavuke bila kugongwa. Kwenye kioo chenye giza huna haja ya vainili nyeusi. Kata manyoya meupe peke yake, mabega, mashavu na ncha ya mkia, ubandike. Kioo chenyewe kitajaza mwili. Rangi moja, mkato mmoja, na mnyama anaonekana mzima. Kinyume chake, stika nyeusi kwenye kioo cha nyuma haionekani hata kwa hatua kumi, na kila wiki kuna mtu anailipia.

Ukibandika ndani ya kioo, geuza maandishi kabla ya kukata, kwa sababu wa nje ataitazama stika kwa mgongo. Ni elimu ile ile inayofanya neno la gari la wagonjwa liandikwe kinyume mbele ya boneti, ili dereva aliye mbele alisome sawa kwenye kioo chake. Hakikisha pia upande wa gundi una rangi. Vainili nyingine zina gundi ya kijivu. Faida ya ndani ni kubwa: waipa na kitambaa havifiki. Na kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, utando ambao huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Vioo vingi vya pembeni havina utando huo. Usibandike juu ya vidoti vyeusi vya ukingoni. Hivyo ni kauri iliyochomwa pamoja na kioo, kazi yake kuikinga gundi inayoshikilia kioo isiliwe na jua, na stika haishiki vizuri hapo.

Tumerudi kwenye jua. ORAFOL hutaja hadi miaka sita ya kukaa nje kwa 651 nyeupe na nyeusi, lakini hesabu hiyo ni ya hali ya hewa ya Ulaya ya kati. Msambweni si Oranienburg. Joto na miale hutoa vilainishi ndani ya vainili, nayo inakakamaa na kupasuka. Nyekundu na njano huchujuka kwanza. Nyeupe hujitetea kwa ile titani dioksaidi, ambayo hufyonza miale. Kuna jambo jingine ambalo wengi huitupia lawama gundi, kumbe si kosa lake. Vainili ya bei nafuu hutengenezwa kwa kusukumwa kati ya magurudumu ya moto mpaka ikawa nyembamba, na ikipata joto hutaka kurudi ilivyokuwa. Angalia kwa karibu herufi iliyokaa mwaka mmoja juani: kandokando yake kuna uzi mweusi, mwembamba, unaonata. Huo ni ukanda wa gundi ulioachwa wazi herufi iliponywea, ukakamata vumbi. Vainili iliyomiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa haina hamu kubwa hivyo ya kunywea, ni nyembamba zaidi na bei yake iko juu. Kwa teksi au gari la hoteli la kulala juani, nasema bila kusita: nunua iliyomiminwa. Kwa stika ya harusi ya wikendi moja, ya kawaida yatosha.

Kazi ya kubandika ifanyike asubuhi, kivulini. Hewa yetu huacha utando wa chumvi kwenye kioo usiouona kwa macho. Futa kwa spiriti, si kwa dawa ya kioo yenye amonia. Stika kubwa ni afadhali ibandikwe kwa maji yenye tone la sabuni, uweze kuisogeza kabla haijashika, kisha usukume maji kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Gari lisioshwe siku mbili au tatu, maana gundi hii hukomaa polepole. Siku ya kuitoa, ipashe moto kwa draya ya nywele, na kwenye kioo cha nyuma usitumie wembe: ile mistari ya kuondoa ukungu hukatika nayo.

Kuandika juu ya chombo na vazi ni jadi ya Pwani. Kanga zilianza kubeba misemo mwanzoni mwa karne ya 20, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, maarufu kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lina nafasi kubwa katika historia hiyo. Serikali nayo imeyaandama maandishi ya magari. Kanuni za waziri John Michuki, Tangazo la Kisheria namba 161 la 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilifuta michoro ya matatu na kuleta utepe wa njano wa milimita 150. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairuhusu tena michoro. Sehemu moja isiguswe kwa hali yoyote: eneo la macho ya dereva kwenye kioo cha mbele. Mtoto anayevuka barabara ana haki ya kuonekana kuliko msemo wowote.

Neno kwa anayefanya kazi hii nyumbani. Masalio ya vainili usiyachome na taka za uani. Ile klorini ya chumvi hutoka na moshi kama asidi na sumu nyingine, na jirani ndiye anayeivuta. Yakusanye kwenye mfuko, uyapeleke kunakozolewa taka. Na mtu akikuletea vainili umkatie kwa mashine ya leza, mkatalie: moshi ni ule ule, unaoharibu mapafu yako na mashine pia. Vainili hukatwa kwa kisu tu.