Kupanga Ngoma ya Tufo katika Kompyuta

Wengi mmeniuliza jinsi nilivyoiunga ile ngoma ya tufo mliyoisikia hapa shuleni. Nitaeleza kadiri niwezavyo.

Matari na sauti za kina mama nilizinasa kwa simu kule Palma, mwaka 2019. Mji uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 kikundi kilitawanyika, wengine Pemba, wengine ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hiyo hapakuwa na kuwaomba wapige tena. Nilikuwa na vipande saba tu, vyote vifupi.

Natumia FL Studio, programu ya Ubelgiji iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Kuingiza kipande si kazi: walikokota faili kwa kipanya mpaka kwenye jedwali la kupangia, ambamo wakati huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi ni mwendo. Kwanza nilivinyosha vipande vilingane na mistari ya kompyuta. Sauti ya bibi kiongozi ikawa kama ya mtu mwenye usingizi. Niliona haya.

Basi nikageuza shauri. Nilihesabu mapigo 16 ya tari, nikayapima: sekunde 9.6. Gawanya 16 kwa 9.6, kisha zidisha kwa 60, utapata mapigo 100 kwa dakika. Nikaiwekea programu mwendo huo, ikayafuata matari. Na kwa kuwa wapigaji huongeza mwendo ngoma inapopamba moto, mbele nikaupandisha kidogo kidogo.

Jambo jingine wengi hulikosea. Faili halianzi pale pigo linapoanza. Mna upepo kwanza, na mtu akikohoa. Ukipanga kwa ukingo wa faili, ngoma yote itachelewa. Panga kwa pigo la kwanza. Ukishika kitufe cha Alt, kipande huacha kunata kwenye mistari, ukaweza kukisogeza utakavyo. Hata ukikikata usiogope, maana faili lenyewe halikatwi, hufichwa tu. (Walakini weka nakala mahali pengine. Simu yangu ile ilianguka baharini.)

Nilipompelekea bibi wimbo huo Pemba, alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona umekata kiitikio chetu cha mwisho?" Nilikikata kwa sababu ya mtoto aliyekuwa akilia. Nikavuta ukingo wa kipande, kikarudi chote, pamoja na kilio.