Gari Lako na Mafuta Yake (3): Kutoka Bomba la Mombasa hadi Mteremko wa Kasenyi

Lita moja ya esanse inayomiminwa leo kwenye tangi la gari hapa Bunia ilishushwa melini Mombasa, ikasukumwa ndani ya bomba hadi Eldoret au Kisumu, ikapakiwa kwenye lori la tangi, ikavuka mpaka wa Malaba au Busia na kuipita Kampala. Kisha iliingia Kongo kwa mmoja wa milango mitatu: Goli na Mahagi upande wa kaskazini, Mpondwe na Kasindi upande wa kusini, au ndani ya mapipa yaliyovuka Ziwa Albert kwa mtumbwi wa injini hadi Kasenyi na Tchomia. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, Waganda walitangaza mwaka 2006 kwamba wamepata mafuta ghafi ya kutosha kufanyia biashara. Lakini mafuta ghafi hayaendeshi gari, na bomba lao la kilomita 1,443 limeelekezwa Tanga, si kwetu.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia matairi na chujio la hewa. Leo tunaingia kwenye vimiminika vyote, na nimeanza na safari kwa makusudi. Watu wengi mjini hubishana kuhusu esanse ya nchi gani ni nzuri. Ya Uganda na ya Kenya ni ile ile, imepita bomba lile lile. Kilichobadilika ni vyombo vya mwisho vilivyoibeba.

Mpakani mafuta hukaguliwa na OCC, ofisi ya taifa ya udhibiti wa bidhaa. Baada ya hapo hakuna mwenye kuyafuata hadi kwenye bidoni ya njano ya lita 20, ambayo jana ilikuwa na mafuta ya kupikia, au kwenye chupa ya lita moja iliyopangwa juu ya meza ya kadhafi, muuzaji wa esanse kando ya barabara. Mimi si miongoni mwa wale wanaomlaumu kadhafi kwa kila gari linalozimika. Vituo vinapokauka kwa sababu barabara imefungwa na risasi au na matope, ndiye anayeuwezesha mji kutembea. Lakini chupa nyeupe iliyokaa juani siku nzima hupoteza sehemu nyepesi za esanse, zile zinazowaka haraka asubuhi injini ikiwa baridi. Na bidoni iliyolala nje wakati wa mvua huingia maji.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta ya taa. Yanachanganyika vizuri na esanse na hata zaidi na mazutu (dizeli), na yanapokuwa na bei nafuu mchanganyaji hupata faida bila jasho. Tatizo hili halikuanzia Ituri. Kenya ilihangaika nalo hadi mwezi wa tisa 2018, ilipotoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwaondolea wachanganyaji sababu ya kuchanganya. Ndani ya injini ya esanse, mafuta ya taa hufanya mambo mawili. Kwanza huwaka kabla ya wakati wake, na hapo unasikia injini ikigonga unapopanda mlima na mzigo. Pili, sehemu isiyoungua huteremka kando ya pistoni na kuyazimua mafuta ya injini mpaka yawe mepesi kama maji. Injini hufa polepole, na fundi hulaumiwa kwa kosa la muuzaji.

Kuna majaribio mawili ya nyumbani, mbali na sigara na jiko. Dondosha tone la esanse kwenye karatasi nyeupe na uliache likauke. Esanse safi huondoka yote. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au mazutu huacha doa la mafuta. Kwa mazutu, jaza chupa ya kioo uiache itulie robo saa; maji ni mazito, yatakaa chini na utayaona. Majaribio haya hayakamati udanganyifu mdogo, lakini yanakamata ule wa kuua injini. Na kijana anayevuta mafuta kwa mdomo kwa mpira aache: tone likiingia mapafuni huleta nimonia isiyoponywa na vidonge vya malaria. Jambo jingine kwa madereva wa mpakani: ukisema petroli hapa Bunia utapewa mafuta ya taa, ukisema petroli Arua utapewa esanse. Onyesha pampu kwa kidole.

Kuhusu oktani nitakuwa mfupi, kwa sababu watu wanapoteza fedha bure. Probox au Raum iliyotengenezwa kwa soko la Japani ilipangiwa esanse yao ya kawaida, ambayo viwango vyao vinataka oktani isiyopungua 89. Esanse inayokuja kwa njia ya Mombasa, isipoharibiwa njiani, inaitosha. Zaidi ya hayo, Bunia iko juu ya mita 1,200, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo huvuta hewa kidogo, hivyo hubana kwa nguvu ndogo na haigongi upesi. Huku juu inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hata ukiipa esanse ya ndege. Anayekuuzia kichupa cha kuongeza oktani kwa Probox anakuuzia rangi.

Mazutu yanahitaji uangalifu zaidi. Tangu Januari 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa ndani ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini kwa kuwa sisi tunakunywa kutoka bomba hilo, faida ilitufikia kabla ya saini. Ulaya wao wako kwenye 10 tangu 2009. Tofauti hiyo inamhusu mtu anayetaka kuagiza gari la dizeli la Ulaya lenye chujio la masizi kwenye ekzosi: chujio hilo halikutengenezwa kwa mafuta yetu, linaweza kuziba. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile inayopendwa na mashirika na wanajeshi, haina mambo hayo. Pampu yake ni ya zamani, inavumilia. Injini mpya za dizeli zinazosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno zina nozeli zenye matundu madogo sana, na mazutu hayo hayo ndiyo yanayoilainisha pampu yao. Maji au mafuta ya taa yakiingia, pampu hukwaruzika, na bei ya nozeli nne inaweza kuzidi ya pikipiki mpya. Chini ya chujio la mazutu kuna kikofia cha kufungulia maji. Kifungue kila juma. Ni kazi ya dakika mbili.

Sasa mafuta ya injini, ambayo kila fundi ana dini yake juu yake. Kwenye galoni kuna namba kama 5W-30 au 15W-40. Namba ya mbele yenye W inaeleza jinsi mafuta yanavyotiririka kwenye baridi. Ya nyuma inaeleza uzito wake injini ikiwa na joto, kwenye digrii 100. Asubuhi za Bunia hazina theluji, kwa hiyo wengi huona namba ya kwanza haina maana. Ina maana: sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndipo vyuma husuguana vikavu, na mafuta yanayotiririka upesi hufika juu upesi. Kisha tafuta herufi mbili za API. Inayoanza na S ni ya injini za esanse, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo mafuta yalivyo mapya: SL, SM, SN, SP. Inayoanza na C ni ya dizeli: CF-4, CI-4, CK-4. Kwa hiyo galoni la kumpa Probox ni 5W-30 lenye SL au zaidi, na 1HZ anaridhika na 15W-40 lenye CF-4 au zaidi. Jina la kampuni linakuja baada ya namba na herufi, si kabla.

Kuna imani iliyoota mizizi garajini kwamba gari la mtumba linataka mafuta mazito, 20W-50, kwa sababu injini imechoka. Injini za Toyota zenye maandishi ya VVT-i hutumia shinikizo la mafuta, kupitia vijia vyembamba, kubadili wakati wa vali kufunguka. Ukizipa mafuta mazito, mfumo huo huchelewa, gari huwa zito na hula esanse zaidi. Ikiwa injini yako kweli inakula mafuta, panda ngazi moja tu hadi 10W-40, kisha tafuta yanapotokea. Mimi nina wasiwasi zaidi na kitu kingine: galoni lenye jina kubwa ambalo lina mafuta yaliyotumika, yakachujwa kwa kitambaa na kufungwa upya. Tazama utepe wa kifuniko, na baada ya vidanji (kubadilisha mafuta) toboa galoni tupu ili lisirudi sokoni.

Muda wa vidanji ulioandikwa kitabuni mara nyingi ni kilomita 10,000, lakini kitabu hicho hicho kina ukurasa mwingine wa vumbi na safari fupi fupi, na huo ndio ukurasa wetu. Kwa anayesafiri kwenda Mahagi au Komanda wakati wa kiangazi, 5,000 inatosha. Na mafuta ya dizeli yakiwa meusi siku chache baada ya kubadilishwa usishtuke. Yanafanya kazi yake ya kubeba masizi.

Rejeta nayo ina hesabu yake ya mwinuko. Maji ya kawaida hapa Bunia huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Kinachookoa injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa kubana mvuke hupandisha kiwango hicho hadi karibu 120. Kifuniko chenye mpira uliokauka kinaweza kuwa ndicho ugonjwa wote wa gari linalochemka, nacho ni rahisi kuliko gasketi ya silinda. Kimiminika cha rangi kinachouzwa kwa rejeta wengi hukipuuza wakisema ni cha nchi za baridi. Sehemu kubwa ya thamani yake kwetu ni dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu vichwa vingi vya injini ni vya alumini, na maji ya kisima yenye chumvi huvila na kuacha gome linaloziba njia. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, au angalau ya mvua yaliyochujwa, na usichanganye rangi mbili. Kiweke mbali na watoto: kina utamu, na ni sumu. Wale wanaong'oa themostati ili gari lisichemke wameondoa dalili. Asubuhi ya Bunia injini hiyo hutembea baridi hadi sokoni, ikila mafuta bure.

Gia za otomatiki nitazigusa kwa haraka. Kosa ninaloliona sana ni kumwaga mafuta mekundu ya kawaida ya otomatiki ndani ya gia za CVT, zilizomo katika Fielder na Vitz nyingi za karibuni. CVT huendeshwa na mkanda wa chuma unaokamatana na puli, na mafuta yake yana dawa ya kuzuia mkanda usiteleze. Mengine yote yataufanya uteleze, na gia hiyo haitengenezeki kwetu. Soma kijiti cha kupimia au kitabu: T-IV, WS, CVT FE, kila moja na lake.

Nimeyaacha mafuta ya breki mwisho ingawa kwangu ndiyo ya kwanza. Kasenyi iko ufukweni, na uso wa Ziwa Albert uko kwenye mita 619 hivi. Anayetoka Bunia kupitia Bogoro anashuka zaidi ya mita 600. Gari la tani mbili na abiria wake, likishuka mita hizo kwa breki peke yake, linazalisha joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 35 za maji. Joto hilo huingia kwenye diski na ngoma, kisha kwenye mafuta ya breki.

Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike digrii 205, lakini ikishalowa kiwango chake huruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikishalowa. Yakichemka ndani ya bomba hutokea mvuke, na mvuke hubanika: unakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, gari linaendelea. Breki zikishapoa pedali hurudi, hivyo fundi aliyelipima gari mjini kesho yake atakuambia halina kitu.

Kwa hiyo badilisha mafuta ya breki yote kila baada ya miaka miwili, hata kama kikombe kimejaa. Nunua kopo dogo na ulimalize; kopo lililofunguliwa miezi mitatu ya mvua limeshakunywa maji. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganywa, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo. Kamwe usikubali kuongezewa mafuta ya injini au ya usukani kwenye kikombe cha breki kwa sababu "yote ni mafuta": mpira wa ndani utavimba, breki zitakamata zenyewe, na hapo kuosha hakutoshi, lazima mipira yote ibadilishwe. Kwenye mteremko wenyewe weka gia ya pili kabla ya kona ya kwanza na uache injini ishike gari. Kwenye otomatiki ni herufi L au namba 2, ambazo madereva wengi hawajawahi kuzigusa.

Sehemu ya nne: batri, na kwa nini zile za bei rahisi hufa kabla ya mwaka.