Simu yako haitoi besi, mbona Kyuss wanasikika wazito?

Icheze kwenye simu albamu ya Kyuss, Blues for the Red Sun (1992), roki nzito ya kisaikedeliki kutoka jangwa la California. Gitaa linanguruma kama lori linalopanda mlima. Lakini spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha! Uzito huo unatoka wapi?

Tuanze na nyuzi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Josh Homme alizilegeza nyuzi zake mpaka uzi huo ukashuka hadi 65 hivi, kisha akalipitisha gitaa kwenye amplifaya za besi.

Mtetemo wa 65 karibu wote unapotelea kwenye simu. Ila uzi hautetemeki kwa namna moja tu: juu yake kuna 130, 195, 260, 325 na kuendelea. Ule mkwaruzo wa amplifaya huipa nguvu mitetemo hiyo ya juu, na simu inaimudu. Sasa ubongo unagundua kwamba zinapishana kwa 65 kila mara, basi unaijaza noti ya chini wenyewe. Yaani unasikia sauti ambayo spika haijaitoa!

Kinachokosekana ni mtetemo wa kifuani. Huo ubongo hauwezi kuubuni. Siku ukipata spika kubwa, rudia wimbo wa kwanza, Thumb. Hapo ndipo utajua ulikuwa unapunjwa.