Rili ya Marehemu Baba Isiuzwe kwa Kilo

Huenda nyumbani kwako, juu ya kabati au chini ya kitanda, kipo kitu kizito kilichofungwa katika gunia. Ni rili ya kuvulia samaki, iliyoachwa na marehemu baba au babu. Pengine mzee alifanya kazi katika mashua za wageni huko Malindi, Watamu au Shimoni, akapewa rili hiyo na tajiri wake siku ya kuagana. Sasa mpini hauzunguki, shaba imeota kutu ya kijani, na vijana wanasema iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Tafadhali, usikubali kabla hujaifungua. Rili za zamani ziliundwa ili zifunguke, na nyingi zilizokwama zimekwama kwa chumvi na grisi iliyoganda tu.

Kwa wasomaji wa bara yafaa tueleze kwanza. Rili ni chombo cha kukunjia mshipi, kinachofungwa juu ya ufito. Ndani yake mna bobini, kama ile ya cherehani ila ni kubwa, na ubavuni mna gia zinazoizungusha. Hapo kale mpini ulishikana na bobini moja kwa moja. Samaki mkubwa alipokimbia, mpini ulirudi nyuma kwa kasi, ukavunja vidole vya mvuvi. Mmarekani mmoja, William Boschen, alifikiri breki ikae ndani ya gia kubwa, ili bobini itoe mshipi huku mpini umetulia. Fundi Julius vom Hofe wa Brooklyn akaiunda. Mwaka 1913, katika kisiwa cha Catalina huko California, Boschen aliitumia kumtoa samaki mwenye upanga puani, uzito wake pauni 355, yaani kilo 161. Tangu hapo breki ya namna hiyo ikaenea.

Kama rili yako ina mbavu nyeusi au za rangi ya damu ya mzee, na pete za kromu pembeni, tazama kama imeandikwa Penn Senator. Kiwanda cha Penn kilianzishwa Philadelphia mwaka 1932 na Otto Henze, Mjerumani aliyehamia Marekani, na Senator ilitoka mwaka 1936. Ni rili ya kazi, haina madaha, na vipuri vyake bado hupatikana.

Basi, tuifungue. Tafuta bisibisi inayoenea barabara katika ufa wa skrubu. Kisu cha jikoni hakifai kabisa. Ukiharibu kichwa cha skrubu moja, kazi itakuwa ya kekee. Skrubu ikikataa, itie tone la mafuta mepesi, iache usiku kucha, ujaribu tena kesho. Weka karibu trei tupu ya mayai, na kila unachokitoa kitie katika shimo lake kwa utaratibu. Mwenye simu ya kamera na apige picha kila hatua. Tena ifungulie rili ndani ya beseni, maana mna springi ndogo mno inayosukuma kidole cha chuma, kile kinachozuia gia isirudi nyuma. Springi hiyo hupenda kuruka, na ikishaangukia mchangani usijisumbue kuitafuta.

Grisi ya zamani iondoe kwa mafuta ya taa na mswaki. Kutu ya kijani juu ya shaba hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lakini dakika chache tu, kisha suuza na ukaushe. Shaba ikilala katika siki huliwa. Bobini ya alumini usiitie humo, na mbavu za bakelaiti zitosheke na maji ya sabuni.

Watu wengi wakifika hapa hushikwa na hamu ya kung'arisha kila kitu. Senator ing'arishe ukipenda. Lakini huko milimani Kenya, ambako trauti waliletwa mwaka 1905, unaweza kukutana na rili ndogo ya Hardy, iliyotengenezwa Alnwick, Uingereza. Hiyo usiiguse kwa msasa! Wakusanyaji wa vitu vya kale hulipia rangi yake ya asili, hata ikiwa imechakaa.

Sasa tufike kwenye breki, ambayo ndiyo moyo wa kazi hii. Ndani ya gia kubwa utakuta washa zimepangwa kama chapati katika sahani: moja ya chuma, moja laini, tena ya chuma. Baadhi ya zile za chuma hushikana na gia, nyingine hushikana na mhimili wa mpini. Unapokaza ile nyota iliyo chini ya mpini, washa zote hubanana. Samaki akivuta kupita kiasi, zinateleza, na mshipi unatoka bila kukatika. Zile laini zilikuwa za ngozi au za nyuzi zilizoshindiliwa. Zikizeeka hunata, kisha huachia ghafula, na huo mshtuko ndio ukatao mshipi. Zitoe. Usizisugue wala kupuliza vumbi lake, kwa kuwa zamani asbesto ilitumiwa sana katika breki za mashine. Badala yake tia washa za kaboni, ambazo siku hizi huuzwa kwa vipimo vya rili hizi, na uzipake grisi ya breki nyembamba sana. Badiliko hili moja lina faida kuliko mengine yote.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wakiona breki mpya inashika vizuri, huikaza, kisha huikaza tena. Lakini nguvu ambayo breki haiiachii lazima ibebwe na kitu kingine: meno ya gia, mguu wa rili, na kile kidole kidogo cha chuma. Gia laini ya shaba ikilazimishwa, meno yake hukatika. Kidole kikivunjika, mpini utarudi nyuma kwa kasi kama kabla ya 1913, na vidole vyako ndivyo vitakavyolipa. Ukitaka breki kali, badili na hivyo pia, au uiache rili katika kazi iliyoundiwa.

Itazame na bobini. Rili za zamani zilitumia mshipi wa kitani. Ulipokuja mshipi wa nailoni, ulileta taabu isiyotarajiwa: nailoni hunyooka ikivutwa, na ikikunjwa ikiwa imenyooka hujibana kama mpira, ikapasua bobini za plastiki. Kwa hiyo ukitia nailoni, hakikisha bobini ni ya chuma.

Kukaza breki kwa kukisia hakufai. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta, usome. Mshipi wa kilo 24 utake breki ya kilo 6 hadi 8. Tena kumbuka jambo ambalo wavuvi wengi wamelijua kwa hasara: mshipi unavyozidi kutoka, duara lililobaki kwenye bobini hupungua, na breki huwa kali zaidi ijapokuwa hukugusa nyota. Duara likibaki nusu, kilo 7 huwa 14. Kwa hiyo nduaro anapokuwa mbali sana, legeza nyota kidogo.

Unapoifunga rili, paka grisi ya baharini kila skrubu na kila uso wa ndani, lakini kile kidole na springi yake vipe mafuta mepesi tu, visije vikanata. Ukirudi kutoka baharini isuuze kwa maji baridi ya kumwagia polepole. Maji ya mpira yenye nguvu huingiza chumvi ndani. Kisha ikaushe, legeza nyota kabisa ili washa zisilale zimebanwa, na uitundike mahali penye hewa hadi kaskazi ianze.