Kwanza Lisimame, Ndipo Liende

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: kulitengeneza Land Rover la zamani lililoachwa

MWALIMU: Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu. Andika ubaoni maneno haya matano: breki, chesisi, usukani, tairi, injini. Yasomeni pamoja kwa sauti mara mbili. Vema.

Leo tunayo barua kutoka darasa moja la kijijini. Walioiandika walianza kujifunza kusoma mwaka jana tu, nasi twawapongeza. Wanasema hivi: "Chama chetu kina Land Rover la zamani la petroli. Limekaa chini ya mwembe kwa miaka saba. Juma lililopita kijana mmoja alilitia betri na petroli, likawaka. Akina mama walipiga vigelegele. Sasa twataka kulitumia kuwapeleka wagonjwa na wajawazito hospitali. Njia yetu ina mteremko mkali. Je, tuanze lini?"

Nimemwalika fundi aliyeifanya kazi ya magari tangu ujana wake. Shikamoo, Mzee.

FUNDI: Marahaba, Mwalimu. Wanafunzi, hamjambo?

MWALIMU: Umeisikia barua, Mzee. Waanze lini?

FUNDI: Wasianze bado. Wazime injini, waweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha wanisikilize. Gari kuwaka si kupona. Mgonjwa akifumbua macho asubuhi, humpi jembe aende shamba mchana.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, tuliletewa gari la namna hiyo. Tulianza na injini, maana ndiyo yenye sauti, nayo ilitufurahisha. Mwenzangu akalitoa uani. Alikanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili kanyagio likazama mpaka sakafuni. Gari likateremka mpaka kwenye ukuta wa jirani. Mwenzangu alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Penye ukuta ule watoto walikuwa wakicheza asubuhi hiyo. Walikuwa wameitwa kula dakika chache kabla. Tangu siku ile nina kanuni moja: kwanza lisimame, kisha ligeuke, ndipo liende.

MWALIMU: Wanafunzi, andikeni kanuni hiyo katika daftari. "Kwanza lisimame, kisha ligeuke, ndipo liende." Sasa Mzee ataieleza hatua kwa hatua.

Kabla ya kuingia chini ya gari

FUNDI: Gari lililokaa miaka saba lina wenyeji wake. Gonga bodi kwa fimbo, ungoje, ndipo ufungue boneti. Huenda ukakuta nyuki, nyoka, au panya waliokata nyaya. Tena fungua waya wa betri, na mtu yeyote asivute sigara karibu. Petroli hutoa mvuke, na mvuke huo huwaka upesi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika Land Rover hizi za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Inashika propela, yaani ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu hilo laweza kuzunguka hewani, na gari likateleza likaanguka kutoka kwenye jeki hata kama breki ya mkono imevutwa. Basi ziba magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe makubwa au magogo. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Liweke juu ya stendi za chuma au magogo mazito yaliyo sawa. Usitumie matofali, kwa kuwa hupasuka ghafla.

Chesisi: mifupa ya gari

MWALIMU: Lakini Mzee, wanasema bodi ya gari lao ni nzima, haina kutu hata kidogo.

FUNDI: Bodi hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Land Rover lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1948, huko Amsterdam, Uholanzi. Wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa cha shida. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi, yaani fremu iliyo chini inayobeba kila kitu, ni ya chuma. Tena ni ya uwazi ndani, kama sanduku refu. Matope na maji huingia humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo bodi yaweza kuwa nzuri, na mifupa imeoza.

Kuipima si kazi ngumu. Safisha matope yote. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi polepole kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia wazi. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, au nyundo hutoboa. Angalia zaidi upande wa nyuma kabisa na mahali springi zinaposhikwa. Ukikuta pameoza, mwite mtu wa kuchomelea akate sehemu mbovu na kutia chuma kipya. Kabla hajaanza, ondoa tangi la petroli. Kupaka lami juu ya tundu ni kulificha tu.

Breki: kwanza lisimame

MWALIMU: Sasa tumefika kwenye breki. Hufanyaje kazi, Mzee?

FUNDI: Ukikanyaga, masta silinda husukuma mafuta ya breki katika mabomba membamba. Mafuta hayo hufika kwenye kila gurudumu, yakasukuma silinda ndogo, nazo zikasukuma vipande vinavyosugua dramu ndani. Msuguano huo ndio unaolisimamisha gari.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa miaka saba unyevu huo huleta kutu ndani ya silinda, na raba zake hukauka. Tena Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba likipasuka mahali pamoja, magurudumu yote hukosa breki. Ndivyo ilivyomtokea mwenzangu.

Kwa hiyo usijaribu kubahatisha. Fungua dramu zote nne. Usipulize vumbi lake, kwa sababu vipande vya breki vya zamani vilitiwa asibesto, nayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitie kitambaa hicho katika mfuko uliofungwa. Tia silinda mpya au raba mpya, na mipira mipya ya breki. Bomba lenye kutu libadilishe. Kipande cha breki kilicholowa oili usikirudishe. Tafuta kwanza oili hiyo inavuja wapi.

Kisha mwaga mafuta yote ya zamani, tia mapya, na utoe upepo katika mabomba, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kanyagio likiwa laini kama sifongo, upepo bado umo. Linapaswa kuwa gumu na kubaki juu. Lishikilie kwa nguvu dakika nzima. Likizama polepole, kuna mahali panapovuja.

MWALIMU: Hapa, wanafunzi, elimu yenu inaingia kazini. Andikeni herufi tatu: D, O, T. Herufi hizo zilitokana na jina la Kiingereza la idara ya uchukuzi ya Marekani. Mzee, tutaziona wapi?

FUNDI: Kwenye kopo la mafuta ya breki. Kwa gari hili, soma kopo lililoandikwa DOT 3 au DOT 4. Ukimpata muuzaji anayesema "mafuta ni mafuta," mwachie mafuta yake. Oili ya injini ikiingia katika breki, raba huvimba, na breki huharibika zote. Nimemwona mtu akiitia kwa sababu hakuweza kusoma kopo.

Usukani na tairi: kisha ligeuke

FUNDI: Sasa mtu mmoja akae kwenye usukani, aucheze kidogo kushoto na kulia. Mwingine aangalie viungo vyote chini. Kiungo kinachocheza bila kusukuma kinachofuata, kimekwisha. Kibadilishe. Halafu inua kila gurudumu la mbele, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, chunguza beringi na viungo vyake.

MWALIMU: Na tairi? Wanasema zina meno mazuri.

FUNDI: Tairi huzeeka hata likiwa limesimama. Jua hulikausha na uzito hulibonyeza mahali pamoja. Angalia ubavuni mwake. Utaona tena herufi DOT, na mwisho wa mstari huo tarakimu nne. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hilo usilitumie hata kama meno yamesimama. Na tairi lenye nyufa ubavuni usimpandishie mtu juu yake, wala mzigo.

Injini: ndipo liende

FUNDI: Sasa twaweza kuijia injini. Vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Tafuta sababu kwanza. Hata ikiwa nyeusi tu, imwage yote na ubadilishe chujio. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyotumika kuanzia mwaka 1958, huchukua oili lita 6 na kidogo. Tia polepole ukipima kwa kijiti.

Toa plagi zote nne. Tia oili kidogo katika kila silinda, uache usiku kucha. Kesho yake weka gia huru, uzungushe injini kwa hendeli. Shika hendeli huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Hendeli ikirudi nyuma ghafla, gumba lililozunguka upande wa pili huvunjika. Injini ikigoma, usiilazimishe. Ongeza oili, ungoje siku nyingine.

Petroli ya zamani imwage. Safisha tangi, chujio na kabureta. Safisha pointi za distribyuta, uache mwanya wa milimita 0.35 mpaka 0.40. Kwenye plagi uwe kama milimita 0.75. Nyaya za plagi zifuate mpangilio wa kuwaka: 1, 3, 4, 2. Jaza maji katika rejeta, ukague mipira yake na mkanda wa feni.

Washa injini nje, si ndani ya banda. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Taa ya oili isipozimika upesi, zima injini mara moja. Na usisahau kubadilisha oili ya giaboksi na ya difu zote mbili, mbele na nyuma.

Safari ya kwanza

MWALIMU: Sasa waende hospitali?

FUNDI: Bado kidogo, Mwalimu. Dereva aende peke yake kwenye uwanja tambarare, mwendo wa mtu atembeaye. Asimame. Aende tena, asimame. Afanye hivyo mara 20. Kisha akague kama kuna kinachovuja.

Ajifunze pia vishikio viwili. Gari likiwa katika gia za kawaida, kile cha manjano kikibonyezwa, magurudumu yote manne huvuta. Kile chekundu kikivutwa nyuma, gari likiwa limesimama, huleta gia za nguvu na mwendo mdogo, na hapo pia magurudumu yote manne huvuta. Gia hizo zafaa kwa mteremko ule mkali, maana injini husaidia kulizuia gari. Lakini kwenye lami kavu tumia magurudumu ya nyuma tu. Kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja, na gia hujikaza mpaka kuvunjika. Kurudi, simamisha gari, vuta chekundu nyuma, kisha kirudishe mbele. Cha manjano kitapanda chenyewe.

Mwisho, wapate bima, na gari likaguliwe na wenye mamlaka kabla ya kuingia barabara kuu.

MWALIMU: Lakini Mzee, wajawazito wanangoja. Kazi hii yaweza kuchukua miezi.

FUNDI: Najua. Nami sisemi wakae bure. Mpaka gari lipone, wapange na mwenye gari zima, wachange nauli mapema, wala wasingoje usiku wa uchungu. Mama anayeteremka mlima katika gari lisilo na breki hana hatari moja tena, anazo mbili.

MWALIMU: Ahsante sana, Mzee. Ndugu zetu mlioandika barua, jibu lenu ndilo hilo. Vigelegele mlivyopiga siku gari lilipowaka havikuwa na kosa. Lakini wekeni vingine vya siku litakaposimama vizuri.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini fundi huanza na breki kabla ya injini?
2. Kwa nini breki ya mkono haitoshi unapoinua gurudumu la nyuma?
3. Tairi limeandikwa 4116. Lilitengenezwa wiki gani, mwaka gani?
4. Utasoma nini kwenye kopo kabla ya kununua mafuta ya breki?

Kazi ya nyumbani: Tafuta gari lolote kijijini, uombe ruhusa ya mwenyewe, usome tarakimu za tairi zake nne na uziandike. Ukiona tairi la zamani sana, mwambie mwenye gari kwa adabu.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.