Mama Mwenye Uchungu Asinyimwe Uji

Ndugu wafanyakazi wa Arua na Koboko,

Hakuna kati yetu anayelima tumbaku kutwa bila kula. Uchungu wa kuzaa nao ni kazi nzito, pengine ya kutwa kucha. Mbona mama hunyimwa hata maji?

Katazo hilo lilienea baada ya 1946, daktari Mendelson wa New York alipoonyesha kuwa chakula cha tumboni huweza kuingia mapafuni mama akipewa dawa ya usingizi. Lakini si kila mzazi hupasuliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama asiye na hatari aruhusiwe kula na kunywa.

Basi tubebe uji na chai ya sukari, tumwulize mkunga. Akikataza kwa ajili ya upasuaji, tumtii.