Alzheimer kwenye kichupa cha damu: kweli au si kweli?

"Siku hizi damu tu inaonyesha kama mtu ana Alzheimer."

Kweli, ila kwa masharti. Mei 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha ugonjwa huu, kiitwacho Lumipulse, cha kampuni ya Fujirebio. Kinapima protini mbili, p-tau217 na beta-amiloidi 42, kisha kinaangalia uwiano wake. Mgonjwa awe mtu mzima, awe ameshaonyesha dalili, na awe anahudumiwa na mabingwa. Habari hii inaposambazwa kwenye simu, masharti hayo huachwa njiani.

"Kipimo kinamshinda daktari."

Kweli, na wala si aibu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walitoa matokeo ya watu 1,213 waliofika kwa madaktari wakilalamikia kumbukumbu. Madaktari wa kawaida, kwa mazungumzo, maswali ya kupima kumbukumbu na picha ya CT, walipatia kwa asilimia 61. Mabingwa walipatia kwa 73. Damu ilipatia kwa 91. Tofauti ni kubwa, sibishi. Lakini damu haikujua kwamba mama ameanza kusahau sufuria jikoni. Hilo lilisemwa na mtu, na bila mtu huyo kipimo kisingeagizwa.

"Amiloidi ikipungua kwenye maji ya mgongo, ambayo nayo hupimwa, ni heri."

Si kweli, na hapa hata wasomi hujikwaa. Ugonjwa unajulikana kwa madonge ya amiloidi kwenye ubongo, kwa hiyo mtu hutegemea kuiona ikizidi kila mahali. Kumbe kwenye maji ya uti wa mgongo hushuka, mara nyingi hadi karibu nusu ya kawaida. Fikiria mtaro unaoleta takataka kila siku: siku maji ya chini yakitoka safi ghafla, usishangilie, takataka zimekwama huko juu. Amiloidi 42 inanasa kwenye madonge, haifiki kwenye maji. Protini ya tau, ambayo p-tau217 ni aina yake, hufanya kinyume chake. Hupanda, kwa kuwa seli za ubongo zilizosumbuliwa huitoa kwa wingi. Kwenye damu amiloidi hushuka kidogo tu, maana viungo vingine vya mwili navyo huitengeneza, na ndiyo sababu kazi kubwa ya kipimo cha damu hubebwa na p-tau217.

"Ukichomwa sindano ya mgongo ya kuchota maji hayo, utapooza."

Si kweli. Hofu hii ina asili yake: hospitalini kwetu sindano hiyo huchomwa zaidi kwa anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, mtu ambaye tayari yu mahututi. Akifariki au akibaki na ulemavu, lawama huiendea sindano. Kwa mtu mzima, ugwe mgongo, ule mkanda mnene wa neva, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali palipobaki nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji. Maji yenyewe ni kama mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, kwa hiyo kiasi kidogo kinachochotwa hurudi haraka. Kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa, hasa ukikaa wima, kikatulia ukilala. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye uvimbe ndani ya kichwa, ataje mapema. Hapo tahadhari ni ya lazima.

"Mwenye amiloidi lazima atapoteza akili."

Si kweli. Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kuwa hata kati ya watu wenye akili timamu, karibu asilimia 10 wana amiloidi wakiwa na miaka 50, na asilimia 44 wakifika 90. Wengi huzikwa bila kusahau jina la mjukuu. Ndiyo maana sioni faida ya kumpima babu asiye na dalili yoyote. Utampa hofu, hutampa dawa.

"Mtoto mchanga ana p-tau217 nyingi kuliko mgonjwa."

Kweli! Watafiti wa Gothenburg, Sweden, waliikuta juu sana kwa watoto wachanga, ambao hawana donge hata moja. Inadhaniwa ubongo unaojijenga huihitaji.

"Ugonjwa mwingine hauwezi kuvuruga majibu."

Si kweli. Figo zikidhoofika, protini hizi hurundikana kwenye damu na namba hupanda bila Alzheimer kuhusika. Presha na sukari, ambazo wazee wengi wa kwetu wanaishi nazo, huharibu figo. Usahaulifu wenyewe nao unaweza kutokana na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, Ukimwi au kaswende, na baadhi ya hayo hutibika. Basi kabla ya kuagiza p-tau217, daktari mwangalifu huanza na vipimo vya mambo hayo, vya bei ndogo, kreatinini ya figo ikiwemo.